Kidimbwi cha Kuogelea Nyumbani: Uzio Kwanza, Maji Baadaye

Somo la toleo hili linamhusu mkazi wa Mombasa aliye na kidimbwi cha kuogelea nyumbani, anayepanga kujenga kimoja, au anayeishi kwenye ghorofa yenye kidimbwi cha pamoja. Linamhusu pia jirani yake, kwa sababu mbu, maji machafu na msiba havijui mpaka wa ploti. Ukimaliza kulisoma utajua kibali kinachohitajika, wajibu wako kisheria, na namna ya kumkinga mtoto na maji.

Ukuta wa nje hautoshi

Tuanze na mfano. Ni Jumapili alasiri katika nyumba moja huko Nyali. Ukuta ni mrefu, juu yake kuna nyaya za umeme, na langoni yuko bawabu. Wageni wamefika na pilau inapakuliwa. Mtoto wa miaka mitatu anatoka sebuleni kupitia mlango wa nyuma. Mama anadhani yuko na shangazi yake. Shangazi anadhani yuko na yaya. Yaya yuko jikoni. Kutoka mlango wa nyuma hadi kidimbwini ni hatua kumi, na njiani hakuna kitu chochote cha kumzuia.

Nyumba hii imelindwa vizuri dhidi ya mwizi. Dhidi ya maji haijalindwa hata kidogo, kwa sababu mtoto aliye hatarini tayari yuko ndani ya ukuta. Hilo ndilo jambo kuu la somo hili: ukuta wa ploti humzuia mtu wa nje, lakini mtoto wa nyumbani anahitaji uzio wake, unaokizunguka kidimbwi chenyewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wetu hudhani mtu anayezama hupiga mayowe na kurusha mikono. Kwa kawaida sivyo. Mdomo ukiwa ndani ya maji, sauti haitoki. Mtoto mdogo huzama kimya, na dakika chache bila hewa zinatosha kuuharibu ubongo wake. Mtu anaweza kuwa amekaa mita tano kutoka hapo, anasoma ujumbe kwenye simu, na asisikie kitu.

Kibali kabla ya jembe

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la mipango na ujenzi, afya, huduma za maji na usafi, na huduma za zimamoto. Ndiyo maana ombi la kidimbwi huletwa kwa kaunti.

Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi Yake ya mwaka 2019 inasema kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kuanza ujenzi kwenye ardhi bila idhini ya kaunti. Kuchimba kidimbwi na kukijengea zege ni ujenzi, hata kama ni nyuma ya nyumba yako na hakuna anayekiona kutoka barabarani. Anayeanza bila idhini anatenda kosa, na akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi miwili, au kupewa adhabu zote mbili. Kaunti inaweza pia kumpa notisi ya kusimamisha kazi na kuirudisha ardhi ilivyokuwa.

Kabla ya kuleta ombi, tayarisha mambo haya:

1. Hati ya umiliki wa ardhi, na uthibitisho kwamba huna deni la kodi ya ardhi kwa kaunti.

2. Ramani iliyochorwa na msanifu majengo aliyesajiliwa. Ramani ionyeshe kidimbwi kilipo, umbali wake kutoka kwenye nyumba, ukuta wa jirani, kisima na shimo la maji taka, pamoja na uzio na lango lake.

3. Michoro ya mhandisi aliyesajiliwa. Maji ni mazito: lita 1,000 zina uzito wa tani moja. Kidimbwi cha juu ya paa, ambacho sasa kinaonekana kwenye maghorofa mengi, hakiwezi kuongezwa baada ya jengo kukamilika bila mhandisi kuthibitisha kwamba nguzo zinaweza kukibeba.

4. Mjenzi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, yaani NCA.

Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, zilichukua nafasi ya kanuni za tangu 1968. Mwambie msanifu wako akueleze jinsi michoro inavyotimiza kanuni hizi mpya. Usikubali jibu la kwamba hivi ndivyo tumekuwa tukijenga siku zote.

Ombi likikataliwa, au jirani akiona ameonewa na idhini iliyotolewa, sheria inampa kila mmoja siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango ya ardhi. Asiporidhika hapo, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Uzio wa pande nne

Idhini ya ujenzi ni karatasi, na karatasi haimshiki mtoto mkono. Kinachomzuia ni uzio. Wataalamu wa kuzuia ajali za maji wanapendekeza uzio unaokizunguka kidimbwi pande zote nne, ukikitenga na nyumba pia. Uzio wa pande tatu, ambapo upande wa nne ni ukuta wa nyumba wenye mlango, unaacha wazi njia ileile anayoitumia mtoto.

Vipimo vinavyotumiwa na wataalamu ni rahisi kukumbuka. Urefu usipungue mita 1.2. Nafasi kati ya nondo, na kati ya uzio na ardhi, isizidi sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisipite. Nondo za kulala zisiwe kama ngazi ya kupandia. Lango lifunguke kuelekea nje, mbali na maji, na lijifunge lenyewe kwa springi kila linapoachiliwa. Komeo liwe juu, kiasi cha mita 1.5 kutoka chini, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Uzio mzuri huharibiwa na mazoea. Kiti cha plastiki kilichoachwa karibu nao ni ngazi. Chungu cha maua ni ngazi. Jiwe lililowekwa ili lango lisijifunge wakati wa sherehe limeufanya uzio wote kuwa bure. Vitu vya kuchezea vikiachwa vinaelea, mtoto atavifuata. Mkimaliza kuogelea, toeni kila kitu majini kabla ya kuondoka.

Uzio nao hauchukui nafasi ya jicho la mtu mzima. Watoto wakiwa majini, mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mlinzi: hapiki, hashiki simu, haendi kuwapokea wageni. Akichoka, amkabidhi mwingine kwa maneno: "Sasa ni wewe." Kwa mtoto asiyejua kuogelea, mlinzi awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Katika mfano wetu wa Jumapili, watu wazima walikuwa wengi. Aliyekosekana ni mmoja aliyeambiwa kwamba zamu ni yake.

Tundu la kunyonya maji, na hatari za spa

Pampu ya kidimbwi hunyonya maji kupitia matundu yaliyo sakafuni au ukutani. Kama tundu ni moja na kifuniko kimevunjika, nguvu ya pampu inaweza kumshika mtu kwa nywele, nguo au mwili, na hata mtu mzima mwenye nguvu asiweze kumvuta. Mwaka 2002, huko Virginia nchini Marekani, msichana wa miaka saba aliyeitwa Virginia Graeme Baker, mjukuu wa James Baker aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo, alikufa baada ya kunaswa na tundu la kunyonya maji ndani ya spa. Alijua kuogelea. Mama yake alikuwepo na alijaribu kumtoa. Baada ya hapo Marekani ilitunga sheria ya usalama wa vidimbwi na spa yenye jina la mtoto huyo.

Kwa hiyo muulize fundi wako maswali matatu. Je, kila pampu inanyonya kupitia matundu mawili au zaidi yaliyoachana, ili moja likizibwa lingine liendelee? Je, vifuniko ni vya mbenuko, vilivyotengenezwa kuzuia kunasa, na vimefungwa kwa skrubu? Je, swichi ya kuzima pampu iko karibu na inaonekana? Kifuniko kikivunjika, kidimbwi kifungwe siku hiyohiyo hadi kibadilishwe.

Spa, au jakuzi kama wengi wanavyoiita, ina hatari zake. Maji yasizidi nyuzi 40 za joto. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amuulize daktari kwanza. Watoto wadogo wasiingizwe, kwa sababu miili yao hupata joto haraka. Aliyekunywa pombe asiingie peke yake. Maji ya moto humaliza klorini upesi, na vijidudu hustawi humo, kwa hiyo spa hupimwa mara nyingi kuliko kidimbwi. Ikiwa haitumiki, iwe na kifuniko kigumu chenye kufuli.

Kazi ya umeme karibu na maji ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, na saketi iwe na kifaa cha kukata umeme mara unapovuja. Waya wa kuunganisha taa ya sherehe usipitishwe ukingoni mwa kidimbwi.

Maji yanatoka wapi, na yanakwenda wapi?

Tufanye hesabu. Kidimbwi cha urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5 kinabeba mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Hiyo ni mitungi 2,400 ya lita 20. Mtu wa mkokoteni anajua maana ya idadi hiyo. Jua nalo halisamehi: tukikadiria kwamba maji yanapungua milimita 5 kwa siku, kidimbwi hiki kinapoteza lita 160, sawa na mitungi minane, kila siku. Turubai la kufunika hupunguza hasara hiyo sana. Lakini turubai jembamba linaloelea halizuii mtoto: akilikanyaga huzama nalo.

Mji wetu hutegemea maji yanayotoka mbali, Mzima, Baricho na Marere, na mitaa mingi hupata kwa zamu. Usijaze kidimbwi kwa bomba siku ambayo mtaa umepata maji yake ya wiki. Ukitaka kuchimba kisima cha mashine, pata kwanza idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Huku pwani, kisima kikivutwa kupita kiasi huleta chumvi ya bahari, na chumvi hiyo haibaki kwako peke yako: huingia pia kwenye kisima cha jirani.

Maji ya kutoa kidimbwini, pamoja na yale ya kusafishia chujio, ni wajibu wako hadi mwisho. Usiyaelekeze barabarani wala kwenye ploti ya jirani. Usiyamimine kwenye shimo la maji taka, maana klorini huua bakteria wanaooza uchafu humo na wingi wa maji huvuruga kazi ya shimo. Usiyapeleke moja kwa moja kwenye mkondo wa bahari, kwani klorini huua samaki na viumbe wa mikokoni. Acha kutia dawa siku kadhaa, jua liimalize klorini, pima kuhakikisha imekwisha, kisha toa maji polepole kwenye bustani yako mwenyewe. Kama una bomba la maji taka, uliza kampuni ya maji kabla ya kulitumia.

Kidimbwi kilichosahauliwa

Mwenye nyumba akiwa ng'ambo na pampu imezimwa, kidimbwi hugeuka kijani baada ya muda mfupi. Yai la mbu laweza kuwa mbu mzima kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi hivi. Mombasa haihitaji kukumbushwa: tulipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2013 na tena 2017, kisha chikungunya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Mbu anayeeneza magonjwa hayo hupenda hasa vyombo vidogo vyenye maji, kwa hiyo angalia pia maji yaliyotuama juu ya turubai, kwenye ndoo za pampu na mapipa yaliyo karibu. Mbu wa aina nyingine hukitaka kidimbwi chenyewe.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu mahali penye maji yanayozalisha mbu kuwa kero ya kiafya. Afisa wa afya ya umma anaweza kukagua mahali hapo na kumpa mwenye nyumba au mpangaji notisi ya kuiondoa kero hiyo kwa muda uliotajwa. Akipuuza, jambo huenda mahakamani. Jirani mwenye shida hii aanze kwa kuzungumza na mwenyewe au msimamizi wa nyumba. Isipofaa, apeleke taarifa kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo au msimamizi wa wadi, akieleza mahali na tarehe alizoona.

Dawa za maji

Maji salama yana klorini huru ya miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na kipimo cha pH kati ya 7.2 na 7.8. Vifaa vya kupimia ni rahisi kutumia. Kuna kipimo kingine kisichohitaji kifaa: kama huoni sakafu ya kidimbwi ukiwa umesimama ukingoni, asiingie mtu. Maji yenye ukungu yanaweza kumficha aliyezama.

Usichanganye klorini na asidi, wala aina moja ya klorini na nyingine: zinaweza kutoa gesi ya sumu au kulipuka. Daima tia dawa ndani ya maji, usimimine maji juu ya dawa. Ihifadhi kwenye chombo chake cha asili, mahali pakavu penye hewa na penye kufuli. Kamwe usiitie kwenye chupa ya soda.

Nani anawajibika?

Sheria ya Dhima ya Wakaaji, Sura ya 34, inamtaka anayesimamia mahali kuchukua uangalifu unaofaa ili mgeni wake awe salama. Tena inamwambia wazi atarajie kwamba watoto hawatakuwa na uangalifu wa watu wazima. Kwa hiyo kibao cha "Ogelea kwa hatari yako" hakitoshi mbele ya mtoto asiyejua kusoma. Kwenye ghorofa, mwenye jengo na kampuni inayolisimamia wasisukumiane: mkataba useme nani anapima maji, nani anakagua lango, na nani anafunga kidimbwi likivunjika.

Ukianza kutoza watu ada ya kuogelea, au kukodisha nyumba kwa wageni wa siku chache, fika ofisi za kaunti uulize kuhusu leseni ya biashara na idhini ya kubadilisha matumizi ya ardhi. Hapo kidimbwi chako kimeacha kuwa cha nyumbani tu.

Mtoto akizama

Mtoto akikosekana, angalia kwanza majini, kisha chumbani. Mtoe, ita msaada, mtu apige 999 au 112. Kama hapumui, mpe pumzi za mdomo kwanza, angalau mbili, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa kila pumzi 2. Usikome hadi apumue au msaada ufike. Usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo, maana hapo unapoteza muda. Hata akizinduka na kucheka, mpeleke hospitali. Kila mtu mzima wa nyumba yenye kidimbwi, pamoja na yaya na bawabu, ajifunze huduma hii ya kwanza.

Jipime

1. Nyumba yangu ina ukuta wa futi nane. Je, bado nahitaji uzio wa kidimbwi?
Ndiyo. Ukuta humzuia wa nje. Mtoto wako yuko ndani.

2. Nachimba nyuma ya nyumba, kwenye ardhi yangu. Je, nahitaji idhini?
Ndiyo, kabla ya kuanza kuchimba.

3. Kidimbwi kina turubai. Je, naweza kuacha lango wazi?
La. Turubai linaloelea hupunguza kukauka kwa maji, halimbebi mtoto.

4. Kifuniko cha tundu la kunyonya kimepasuka, na kesho kuna sherehe. Nifanye nini?
Zima pampu, funga kidimbwi, ubadilishe kifuniko. Sherehe iendelee bila kuogelea.

Wiki hii, kabla ya Jumapili, fanya zoezi moja. Piga magoti kwenye mlango wako wa nyuma, macho yako yawe kwenye kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Tazama upande wa maji na uhesabu vizuizi vilivyo kati yako nayo. Ukikuta hakuna hata kimoja, usingoje ukaguzi wa kaunti. Funga mlango huo kwa komeo la juu leo, na kesho mwite fundi wa uzio.